Stanley alilelewa na nani? Parokia, kodi na nyumba ya kazi

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa historia, shule ya sekondari, mkoani Kilimanjaro. Nilipokuwa nafundisha habari za wapelelezi wa Kizungu niligusia kwamba Henry Morton Stanley, huyu wa Ujiji na Kongo, alilelewa katika nyumba ya kazi ya maskini huko Wales, chini ya parokia. Darasa likanishambulia kwa maswali. Parokia si kanisa? Ilipata wapi mamlaka ya kuwaweka watu ndani? Ilikuwa jela au sadaka? Na kwa nini nchi yenye viwanda, reli na makoloni iwaweke wazee na watoto wake mahali pa namna ile? Mmoja akauliza kama Waingereza walituletea utaratibu huo na huku. Naomba msaada."

Mwalimu, nianze na hilo la jela, kwa sababu ndilo rahisi kulijibu vibaya.

Mtu mzima aliyeingia nyumba ya kazi hakuwa mfungwa. Akitaka kuondoka alimwarifu msimamizi, kwa kawaida muda wa saa tatu kabla, akarudishiwa nguo alizokuja nazo, akatoka mlangoni kwa miguu yake. Ila baba akitoka, anatoka na mkewe na wanawe wote. Haruhusiwi kuwaacha ndani wakila chakula cha umma huku yeye akizunguka kutafuta kibarua. Na akiondoka na sare ya nyumba mwilini, ni mwizi wa mali ya nyumba, anapelekwa kwa hakimu, na hapo jela ya kweli inaweza kumhusu. Watu walibaki ndani kwa sababu nje hapakuwa na pa kula wala pa kulala. Waliotunga utaratibu huo walilijua hilo vizuri, na ndilo walilolitegemea.

Sasa parokia. Wanafunzi wako wanawaza paroko, jumuiya ndogondogo na sadaka ya Jumapili, na hawako mbali sana na asili yake. Henry VIII alipozifunga monasteri kati ya 1536 na 1540, maskini wa England walipoteza mlango mmoja muhimu wa kubisha. Serikali ya binti yake, Elizabeth I, haikuwa na maofisa wake vijijini. Kilichokuwepo kila mahali ni parokia: eneo lenye mipaka inayojulikana, jengo moja ambalo kila mtu analifahamu, na daftari la waliobatizwa na waliozikwa. Basi sheria ya mwaka 1601 ikaitwika parokia kazi ya serikali. Kila mwaka, majira ya Pasaka, wateuliwe wasimamizi wa maskini, wawili hadi wanne, miongoni mwa wenye nyumba wanaojiweza, washirikiane na wazee wa kanisa, na mahakimu wa amani wawili watie saini. Kazi yao ni kukusanya kodi kwa kila anayekalia ardhi au nyumba ndani ya mipaka, mchungaji mwenyewe akiwemo. Asiyelipa anakamatiwa mali na kuuziwa.

Hiyo si sadaka, Mwalimu. Ni serikali ya mtaa iliyokaa ndani ya mipaka ya kanisa.

Usimamizi huo haukuwa na mshahara. Aliyepewa alikuwa mkulima wa kati, mwenye duka, pengine mwoka mikate. Anaufanya mwaka mmoja shingo upande, akikataa anatozwa faini, na mwisho wa mwaka anatoa hesabu. Madaftari ya namna hiyo yapo kwa maelfu katika hifadhi za nyaraka za wilaya za England, nami nakiri napenda kuyasoma kuliko hotuba za wabunge. Ndani yake utakuta jozi ya viatu kwa mtoto yatima, mzigo wa kuni, pango la nyumba ya mjane, ujira wa mwanamke aliyemwuguza jirani yake, sanda, jeneza, na bia ya waliochimba kaburi. Sheria hiyohiyo ya 1601 iliziruhusu parokia kujenga vibanda vya kuwahifadhi vikongwe na wasiojiweza kwenye ardhi isiyolimwa, mwenye ardhi akiridhia. Kwa hiyo parokia nyingi zilikuja kumiliki nyumba kadhaa ndogo ambamo wajane na wazee waliishi bila kulipa pango. Hilo husahaulika: makazi ya maskini yalikuwa kazi ya parokia karne mbili na zaidi kabla ya majengo yale makubwa ya kutisha.

Maamuzi yalifanywa na mkutano wa parokia, uliojulikana kama vestri. Ulikutana kanisani, ingawa baridi ikizidi wajumbe walihamia kilabuni na kuendelea na kikao wakiwa na vikombe mkononi. Mahali pengine kila mlipa kodi aliingia, pengine ni kikundi cha wachache kilichojichagua chenyewe na kurithishana viti. Mwaka 1818 Bunge likaweka kura kwa kipimo cha mali: mali iliyokadiriwa chini ya pauni 50 kura moja, na kila pauni 25 za ziada kura nyingine, mpaka kura sita kwa mtu mmoja. Mpokea msaada hakuwa na sauti humo.

Kama ningepewa dakika mbili tu mbele ya darasa lako, ningezitumia kueleza mfuko. Kila parokia ilikuwa na mfuko wake, na ililisha maskini wake tu. England na Wales zilikuwa na parokia na vitongoji vya aina hiyo takriban 15,000. Nyingine zilikuwa ndogo kiasi kwamba familia moja yenye watoto sita, baba akivunjika mguu, inatikisa kodi ya kila mtu. Ndipo likazuka swali lililotawala maisha ya wanyonge kwa zaidi ya miaka 200: huyu ni wa kwetu au wa kwao?

Sheria ya 1662 ikalipa swali hilo meno. Mtu aliyehamia parokia nyingine na kupanga mahali pa thamani iliyo chini ya pauni 10 kwa mwaka aliweza kurudishwa alikotoka kama wasimamizi wangelalamika ndani ya siku 40, hata kama hajaomba chochote, kwa hofu tu kwamba siku moja ataomba. Haki ya ukaazi ilipatikana kwa kuzaliwa, kwa ndoa (mke alichukua ya mumewe), kwa kumaliza uanagenzi, au kwa kuajiriwa mwaka mzima bila kukatizwa. Matokeo yake unaweza kuyakisia: waajiri wakaanza kuajiri kwa wiki 51. Kuanzia 1697 mpokea msaada alitakiwa kushonewa begani, kwenye bega la kulia, herufi P na herufi ya kwanza ya jina la parokia yake, kwa kitambaa chekundu au cha buluu. Sheria ya beji hiyo ilifutwa 1810, japo sehemu nyingi ziliacha kuifuata mapema.

Walioumia zaidi ni wajawazito wasio na waume. Mtoto wa nje ya ndoa alipata ukaazi pale alipozaliwa, basi wasimamizi waliwaondoa wanawake hao kwa mkokoteni hata uchungu ukiwa umekaribia, mradi mtoto akatolee kilio chake cha kwanza upande wa pili wa mpaka. Madaftari yanaonyesha fedha iliyotolewa kwa kazi hiyo, imeandikwa kwa mwandiko mzuri pamoja na bei ya misumari ya kengele.

Nyumba ya kazi ilizaliwa ndani ya hesabu hizo. Sheria ya 1723 iliziruhusu parokia kununua au kupanga nyumba, kuwaweka humo wanaoomba msaada, na kumnyima kabisa anayekataa kuingia. Iliruhusu pia kuwakabidhi maskini kwa mkandarasi: anapewa kiasi maalumu, anawalisha, na kazi ya mikono yao ni faida yake. Aliyelisha kidogo alibaki na kingi. Mwaka 1782 ikaja sheria ya upole zaidi, iliyoziruhusu parokia kuungana na kujenga nyumba kwa ajili ya wazee, wagonjwa na yatima tu, wenye nguvu watafutiwe kazi nje. Na mwaka 1795, ngano ilipopanda bei wakati wa vita na Ufaransa, mahakimu wa Berkshire walikutana Speenhamland wakakubaliana kuongezea mshahara wa kibarua kwa kufuata bei ya mkate na idadi ya watoto. Kwingine kusini mwa England wakaiga. Wenye mashamba walifurahi, maana sasa kodi ya parokia ililipa sehemu ya mshahara ambao wao walipaswa kuulipa.

Gharama ikapanda mpaka karibu pauni milioni 8 kwa mwaka mnamo 1818. Walipa kodi wakapiga kelele. Tume ya kuchunguza msaada kwa maskini ikaundwa 1832, ikiwa na watu kama Nassau Senior, mwanauchumi, na Edwin Chadwick, mtu mwenye bidii isiyo na huruma. Sheria yao ilipita 1834. Parokia ziliunganishwa kuwa miungano, mwishowe takriban 600, kila muungano ukiwa na Bodi ya Walezi waliochaguliwa na walipa kodi na wenye mali, na nyumba moja kubwa ya kazi. Makamishna watatu walisimamia nchi nzima kutoka Somerset House, London. Muungano wa kwanza ulikuwa Abingdon, mwaka 1835.

Kanuni yao kuu ilikuwa hii: hali ya aliye ndani isizidi hali ya kibarua fukara kuliko wote aliye nje. Kwenye karatasi inaonekana sawa. Utekelezaji wake ndio ulioleta balaa, kwa sababu kibarua wa nje alikuwa tayari anakula vibaya mno. Ukimpa wa ndani chini ya hapo atakufa, na maiti ni kashfa. Ratiba mojawapo ya chakula ya makamishna ya 1836 inaonyesha mwanamume mwenye nguvu akipewa asubuhi wakia 6 za mkate, kama gramu 170, na uji mwepesi. Mchana nyama na viazi siku tatu za wiki, siku nyingine kwa kawaida supu. Jioni mkate, na baadhi ya siku kipande cha jibini. Vibarua wengi wa Dorset au Wiltshire hawakuiona nyama mara tatu kwa wiki.

Basi kama tumbo halitoshi kumtisha mtu, utamtisha kwa nini? Walitumia mambo mengine. Mume kushoto, mke kulia, watoto upande wao, kila kundi na ua wake na ukuta katikati. Mbunifu Sampson Kempthorne alichora ramani za kielelezo, mojawapo yenye mabawa manne kama msalaba, msimamizi akikaa katikati ili aone nyua zote kupitia madirisha yake. Kuoga na kuvuliwa nguo siku ya kwanza, sare, kengele ya kuamka, kula kwa kimya, marufuku ya tumbaku. Kazi zilikuwa kuponda mawe na kuchambua kamba kuukuu za meli, uzi mmoja mmoja kwa kucha, ili nyuzi zikatumike kukalafati vyombo, yaani kuziba nyufa kati ya mbao zake. Watu wa pwani ya kwetu wanaijua kalafati. Wajaribu kuwaza kuitengeneza kutoka kwenye kamba iliyokauka na lami, tangu asubuhi mpaka jioni, mikono ya bibi wa miaka 60.

Na juu ya yote kifo. Tangu 1832 sheria iliruhusu maiti ya mtu aliyefia humo, isiyodaiwa na ndugu, kupelekwa kwa wanafunzi wa udaktari ikapasuliwe. Wazee waliogopa hilo kuliko njaa.

Kwa hiyo ukiniuliza nyumba ile ilijengwa kwa ajili ya nani, nitasema ilijengwa kwa ajili ya wale ambao wangekataa kuingia. Mlezi wa Bodi akimwambia mwombaji "msaada upo, karibu ndani", na mwombaji akageuka akaenda zake, kodi imeokolewa. Ndani kulikuwa ghali: jengo, mkuu wa nyumba, mwalimu, daktari, makaa. Kumpa mjane shilingi mbili tatu abaki kwake kulikuwa nafuu, na walezi wengi, wakiwa watu wa hesabu, waliendelea kufanya hivyo hata baada ya 1834. Katikati ya karne ya 19, kati ya kila wapokea msaada 10, wanane au zaidi hawakuwa ndani. Walioishia ndani ni wasio na ujanja mwingine: vikongwe wasio na watoto, wagonjwa, wenye ulemavu wa akili, wanawake waliopata mimba na kutupwa, na watoto.

Hapo ndipo Stanley anapoingia. Alizaliwa Denbigh mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands, mama yake hajaolewa. Sheria ya 1834 ilikuwa imemwekea mama wa aina hiyo mzigo wote wa mtoto, baba akaachwa apumue, mpaka ilipolegezwa 1844. Babu aliyemlea alifariki, wajomba wakawalipa mume na mke fulani wamtunze, kisha wakaacha kulipa. Februari 1847, akiwa na miaka sita, kijana wa nyumba hiyo alimbeba akimdanganya kwamba wanakwenda kwa shangazi, akamfikisha kwenye nyumba ya kazi ya muungano wa St Asaph, akagonga kengele, akamwacha. Alikaa mpaka 1856. Yeye mwenyewe alikuja kusimulia kwamba miaka michache baadaye mama yake naye aliingia humo na watoto wengine, na ikabidi mwalimu amwonyeshe kwa kidole kuwa yule mwanamke ni mama yako. Simulizi za Stanley zina chumvi nyingi, na wanahistoria wamezikagua wakakuta mengine hayalingani na daftari la nyumba, hasa hadithi yake ya kumpiga mwalimu na kutoroka. Lakini kutomjua mama yako mzazi ndani ya jengo moja, kwa mpangilio wa kuta zile, kunawezekana kabisa.

Waambie wanafunzi na jambo hili: Stanley alijifunza humo kusoma, kuandika na jiografia. Watoto wengi wa vibarua wa nje hawakuipata shule hiyo, na kuna walipa kodi walionung'unika kwamba mtoto wa nyumba ya kazi anapata elimu kuliko wa kwao.

Kashfa zilikuja mapema. Mwaka 1845 ilibainika kwamba huko Andover, kusini mwa England, wanaume waliopewa kazi ya kusaga mifupa kuwa mbolea walikuwa wakigombania mifupa ile, wakitafuna mishipa na kunyonya uboho kwa njaa, kwa sababu msimamizi alikuwa akiiba sehemu ya chakula chao. Bunge lilichunguza, na mwaka 1847 makamishna wakaondolewa, ikawekwa bodi yenye waziri wa kuwajibika bungeni. Mwaka huohuo wazee waliopita miaka 60 waliruhusiwa kuomba wasitenganishwe na wenzi wao.

Lakini habari ya makazi, ambayo haiandikwi sana kwenye vitabu vya shule, ilikuwa nje ya kuta. Ingawa parokia ziliunganishwa, kila moja iliendelea kulipia maskini wake ndani ya nyumba ya pamoja. Fikiria sasa parokia inayomilikiwa na bwana mmoja. Kila nyumba ya kibarua ni deni linalosubiri kuiva. Bwana huyo akikataa kujenga, au akibomoa vibanda vilivyopo, vibarua wake watahamia parokia jirani yenye wenye viwanja wengi wadogo wanaopangisha chochote kwa yeyote. Wataendelea kumlimia yeye mchana, na uzee wao utakuwa gharama ya wengine. Parokia za namna hiyo ziliitwa parokia zilizofungwa, na nyingine parokia wazi. Castle Acre huko Norfolk ilijulikana sana kama parokia wazi: nyumba mbovu, watu wamesongamana, na magenge ya wanawake na watoto wakitembea maili nyingi alfajiri kwenda kupalilia mashamba ya parokia zilizofungwa. Wakati huohuo sheria ya 1835 ilikuwa imeruhusu parokia kuuza zile nyumba zake ndogo za zamani, na fedha za mauzo nyingi zikaingia kwenye matofali ya nyumba ya kazi. Mjane aliyekuwa akikaa bure kwenye kibanda cha parokia alikiona kikipata mnunuzi.

Dawa yake ilikuwa ya kihasibu tu. Mwaka 1865 gharama yote ikahamishiwa kwenye muungano, parokia zote zichangie kwa thamani ya mali yao. Siku hiyo faida ya kubomoa vibanda ikaisha. Nadhani sheria hiyo, isiyo na jina la kuvutia wala shujaa, iliwafaa maskini wa vijijini kuliko mahubiri mengi ya wakati ule.

Yaliyobaki nitayapitia haraka. Mwaka 1894 kura za kipimo cha mali zilifutwa, na mabaraza ya parokia ya kiraia yakachukua kazi zisizo za ibada. Pensheni ya uzeeni, shilingi 5 kwa wiki kwa waliofikisha miaka 70, ilianza kulipwa Januari 1909, na wazee wengi wakaepuka mlango ule. Hadi 1918 mpokea msaada hakuruhusiwa kupiga kura ya ubunge. Bodi za Walezi zilivunjwa 1930, na sheria yenyewe ya maskini ikafutwa 1948. Majengo mengi yakawa hospitali; la St Asaph lilipewa jina la Stanley na likafungwa 2012. Wazee wengi wa Kiingereza waliozikumbuka nyumba za kazi waligoma kulazwa kwenye hospitali za aina hiyo, daktari aseme nini.

Kuhusu swali la mwisho la mwanafunzi wako: nyumba za kazi Waingereza walizipeleka Ireland mwaka 1838, na njaa kubwa ya kuanzia 1845 ikazikuta na kuzifurika. Tanganyika na Kenya hawakuzileta. Kodi ya kibanda waliikusanya, ila haikuwa na fungu la maskini wa kijiji. Maofisa walishika kauli kwamba ukoo utabeba wake. Walicholeta ni ile nusu nyingine, ya kumrudisha mtu kwao. Mwaka 1944 Tanganyika ilipata sheria ya kuwaondoa mijini Waafrika waliohesabiwa kuwa hawatakiwi, na Dar es Salaam vijana wasio na ajira, "wahuni" kwa lugha ya wakati ule, walikamatwa na kusafirishwa kurudi wilayani kwao. Sisemi sheria hiyo ilinakiliwa kutoka ile ya 1662. Ila ukiwapa wanafunzi zote mbili wazisome kwa pamoja, waulize swali moja: aliyerudishwa, huko alikorudishwa kulikuwa na mfuko wa kumpokea? Kwa yule wa 1662 parokia ililazimika kumlisha. Kwa huyu wa 1944, haukuwepo.